Mama Aline Hakuambiwa

Wiki iliyopita mlinialika kwenye semina yenu hapa Rumonge, mkanikalisha mbele, mkanipa fanta na beji yenye jina langu. Kijana mmoja mwenye kompyuta akatuonyesha ramani ya ziwa na vidoti vyekundu, akasema: "Upepo mkali ukija tunabonyeza hapa, na alerte ya hatari inawafikia wavuvi wote mpaka Kabonga." Mkapiga makofi. Mimi sikupiga. Niliinua mkono nikauliza, "Unajuaje kama imewafikia?" Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwona bibi yake akitafuta miwani aliyoivaa. "Bibi, mashine inatuambia."

Nilitaka kumjibu, lakini sahani za wali zilikuwa zimeanza kupita na nyote mkasimama. Basi najibu leo kwa kalamu. Ninyi mnaofanya kazi ya simu, na ninyi mnaoisomea, kaeni chini. Nimekasirika, na hasira yangu imewazidi umri baadhi yenu.

Naitwa Mwajuma. Nimezaliwa hapahapa Rumonge, mtaa wa Waswahili nyuma ya soko. Kwa miaka mingi nilikuwa opereta wa fonie ya chama cha wavuvi na wauza samaki. Najua fonie hamuijui. Ilikuwa redio ya kusemea: sanduku la chuma, kipaza sauti chenye kitufe ubavuni, betri ya gari, na waya mrefu uliofungwa juu kati ya michikichi miwili. Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikiliza. Mkisema wawili kwa pamoja hakuna anayesikia kitu, kwa hiyo kazi ile ilitufundisha adabu. Wakati wa vita waya za simu za zamani zilikatwa, na barabara ya Nyanza-Lac leo ilipitika, kesho haipitiki. Sisi wa fonie ndio tuliowaambia watu wa mialo, kule mitumbwi inakofikia: leo msitoke, leo ziwa limechafuka, leo muganga yuko kwenye kituo. Sanduku kubwa lilikuwa kwangu Rumonge. Mengine madogo yalikuwa kusini, la mwisho likiwa Kabonga, karibu na Tanzania.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Lwaboshi, Mbembe wa Kivu ya Kusini, aliyekimbia vita vya kwao akaangukia vya kwetu. Alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli. Alisali kabla ya kuwasha fonie, na akishaiwasha alitukana betri. Mimi Mwislamu, yeye Mprotestanti, tulikaa chumba kimoja miaka minne na hatukugombana ila juu ya maji ya betri, kwani nilizoea kuweka ya kisima wakati yeye alitaka yale ya chupa.

Wiki yangu ya pili nilifanya kosa. Wakati ule askari ndio waliopanga saa za kuingia ziwani. Mwenzetu wa mwalo mmoja akaniita kwenye fonie, sauti ikija na kupotea kama inatoka ndani ya mtungi, akasema ruhusa ya leo ni saa tisa. Mimi nikasikia saa sita. Nikatoka mbio kuwatangazia wavuvi. Wanne wakaingiza mitumbwi majini adhuhuri, askari wakawatoa na kuwakalisha juani mpaka jioni. Walipoachiliwa walikuja moja kwa moja ofisini. Mmoja wao akavua shati, akanigeuzia mgongo uliobabuka, akauliza, "Hii ni saa ngapi, opereta?"

Papa Lwaboshi alingoja waondoke.

"Ile saa, ulimurudishia?"

"Kumrudishia vipi? Nilisikia vizuri."

"Kila mutu anasikiaka muzuri," akasema. "Mutoto wangu, habari haifikake mupaka ule mwenye kuipokea akurudishie kwa mudomo wake. Ukisema na asirudishe, bado hauyasema kitu. Umepumua tu."

Tangu siku ile kila namba niliitaja kwa lugha tatu: tisa, neuf, icenda. Watu walinicheka sokoni. Muuza mihogo aliniambia bei kwa lugha tatu ili kuniudhi. Lakini hakuna mgongo mwingine ulioungua kwa ajili yangu.

Opereta wa Kabonga alikuwa Léocadie, ambaye sote tulimwita Mama Aline kwa jina la binti yake wa kwanza. Alinunua ndagala, dagaa wa ziwa letu, mwaloni na kuuza Rumonge. Alipokea habari jinsi alivyonunua samaki, kwa mashaka: "Sema tena. Umesema ngapi? Nani amekwambia?" Akisharidhika alifunga kitenge kiunoni akaenda nyumba kwa nyumba, na hakurudi kwenye fonie kunijibu mpaka amewaona wenye nyumba kwa macho.

Mara moja Kabonga ilinyamaza siku mbili. Katika vita vile, kituo kikinyamaza siku mbili watu walianza kukiombea. Nilipanda basi dogo la asubuhi nikiwa nimejiandaa kukuta majivu. Nikamkuta Mama Aline ameketi mbele ya sanduku, amevimba kwa hasira. "Ninyi Rumonge mumekufa wote?" Nikatoka nje nikaangalia juu. Kwenye waya wa fonie mama mkwe wake alikuwa ameanika vitenge vitatu na blanketi bichi, waya umelegea hadi umelala juu ya bati.

"Uliona nguo hizi?"

"Niliziona."

"Mbona hukuzitoa?"

"Mama mukwe wangu huyo. Wewe ungezitoa?"

Tulicheka hadi tukashikana mabega. Siku hiyohiyo alimwambia mama mkwe kwamba waya ule ni wa serikali na una umeme wa kuua ng'ombe. Bibi yule hakupita tena hata chini yake.

Ndipo ikaja simu ya mkononi. Antena ikasimama juu ya kilima cha Rumonge, nyingine ikawekwa kule kusini. Chama chetu kikapata wafadhili, na wafadhili wakatuletea mkuu wa ofisi, Shefu, kutoka Bujumbura. Jina lake silitaji. Ana watoto, na watoto hawana kosa. Alikuwa kijana msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni, na hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mtu mbaya ningemjua mapema. Alifanya sherehe, akawagawia waopereta wote simu, akakusanya fonie zote na kuzifungia kabatini. "Hivi ni vitu vya makumbusho," akasema. Papa Lwaboshi peke yake ndiye hakurudisha sanduku lililokuwa kwake. Alikuwa ameshastaafu, anaishi kwenye kijiji kilicho kando ya barabara ya Nyanza-Lac, upande wa kusini wa msitu ambao barabara hiyo inaupita ikitoka Rumonge. Alisema sanduku ni la chama lakini betri ni ya kanisa, na kwamba jambo la kuvitenganisha linahitaji maombi. Shefu alimwandikia mara mbili, kisha akachoka.

Simu ya Kabonga ilikamata siku inapotaka. Antena ya kusini iliendeshwa na jenereta, jenereta inakunywa mazutu, yaani dizeli, na mazutu ililetwa kwa barabara. Sasa fikirini wenyewe. Siku barabara inapofungwa ndiyo siku watu wanahitaji kuonywa. Na siku barabara inapofungwa, mazutu haifiki na simu zinakufa. Nilimweleza Shefu haya nikiwa nimesimama mbele ya meza yake. Aliandika kitu katika daftari. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko. Saa moja asubuhi mtu wa baiskeli, wale wanaosafirisha madumu ya mawese, aliingia uani kwetu bila madumu na bila viatu. Ameona watu wenye bunduki ndani ya msitu, wamelala pande zote mbili za barabara, wanangoja magari ya soko yanayotoka kusini. Shefu alitoa simu yake na kuandika kwa Kifaransa kwamba kuna hatari, barabara imefungwa, kila mtu abaki kwake. Akawatumia waopereta wote wa kusini. Ilikuwa saa moja na dakika kumi.

"Voilà," akasema. "Nimetuma."

"Kabonga wamejibu?"

"Mama Mwajuma, simu inasema imetuma."

"Hilo nimelisikia. Wamejibu?"

Akasema watajibu, akaenda kunywa chai.

Mimi nikapiga simu ya Mama Aline. Sauti ya mwanamke wa kwenye mashine ikaniambia kwa upole kwamba mtu ninayemtafuta hapatikani. Nikapiga tena, na tena. Nikapiga za waopereta wengine wa kusini, mwanamke yuleyule. Nikamfuata Shefu kwenye chai yake nikamwomba ufunguo wa kabati. Akaniambia nisilete hofu ofisini.

Vijana, nilikuwa mtumishi mtiifu maisha yangu yote. Asubuhi ile nilichukua jiwe lililokuwa linazuia mlango, nikapiga kufuli mpaka likaachia. Fonie nikaipata, ila betri yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Nikamwita dereva wa ofisi, nikamwambia afungue betri ya gari la Shefu. Alinitazama, akatazama kule kwenye chai, akafungua boneti. Waya wa nje ulikuwa bado uko juu kati ya michikichi, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuushusha.

Nikabonyeza. "Kusini, kusini, hapa Rumonge. Anayenisikia ajibu." Nikaachia. Mkwaruzo mtupu. Nikarudia mara nyingi hadi mate yakanikauka.

Mara nikasikia mtu anakohoa. "Rumonge, hapa Lwaboshi. Nilikuwa nasikiliza habari za kwetu ng'ambo. Sema, mutoto wangu."

Nikasema. Akarudisha neno kwa neno: watu wenye bunduki musituni, gari hata moja isipite, zirudi kusini. "Ni vile?"

"Ni vile, Papa."

"Nakwenda."

Saa yangu ilionyesha saa mbili na dakika tano. Karibu saa nzima ilikuwa imekwenda kwa Kifaransa na chai.

Aliyoyafanya baadaye nimeyasikia kwake na kwa dereva wa basi, na yanalingana. Mzee wa miaka zaidi ya sitini alivuta benchi refu la kanisa hadi katikati ya lami. Kabla hajalifikisha, pikapu iliyopakia magunia ya ndagala ilikuja kwa kasi ikapita. Alilitupa benchi, akavua koti, akaikimbilia akipunga na kupiga kelele. Pengine walimwona kwenye kioo. Lakini siku zile nani angesimamisha gari kwa sababu ya mtu anayekimbia na kupiga kelele barabarani? Hata mimi ningemwambia dereva akanyage.

Akarudi, akaliweka benchi, akapanda juu yake. Basi dogo likatokea, limejaa wanawake wa soko. Dereva akaona kizuizi na mwanamume juu yake. Kizuizi wakati ule kilikuwa na maana moja tu, naye akaamua kukipasua apite. Papa Lwaboshi hakuwa na bendera wala karatasi ya serikali. Alichokuwa nacho ni sauti, basi akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa nguvu zake zote. Ndani ya basi mwanamke mmoja akamshika dereva bega akapiga ukelele: "Simama! Huyo ni Papa Lwaboshi! Hakuna mwizi anaimbaka vibaya vile!"

Bampa liligusa benchi. Yeye hakushuka, na aliendelea kuimba mpaka injini ilipozimwa. Wanawake wote wa basi lile walirudi makwao salama, na magari mawili yaliyofuata nyuma pia yakageuzwa.

Ndani ya pikapu walikuwamo watu wawili, dereva na Mama Aline.

Saa moja na nusu alikuwa bado anahesabu magunia mbele ya nyumba yake, simu ikiwa ndani ya mkoba wake, imewaka, haina rezo, yaani mtandao, tangu jana yake jioni. Waliuawa msituni kabla ya saa tatu. Siongezi lolote hapo.

Saa sita mchana askari walileta miili hospitali, na mfuko wa plastiki wenye vitu vyao ukaletwa ofisini kwetu. Ulikuwa na kanga, rozari, na simu iliyofunguka, betri upande na kifuniko upande. Shefu alikuwa ameketi, amepauka. Mimi nilikuwa nimesimama na mfuko mkononi. Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Mikono iliyozoea kazi ikiona vitu vimeachana inaviunganisha. Nikarudisha betri, nikabana kifuniko, nikawasha.

Simu ikatafuta. Ikapata rezo ya kilima chetu. Kisha ikalia mlio mfupi mkononi mwangu, na maneno yakatokea: hatari, barabara imefungwa, bakini nyumbani.

Papo hapo simu ya Shefu nayo ikalia juu ya meza. Akaichukua. Nilikuwa karibu, nikasoma pamoja naye. Mashine ilikuwa inamwarifu kwamba ujumbe wake kwa Léocadie, Kabonga, umepokelewa.

Tulitazamana. Nikadhani atalia, na laiti angelia ningemsamehe mengi. Akafungua droo, akatoa karatasi, akaandika ripoti ya wafadhili. Alipomaliza alinigeuzia nitie sahihi kama shahidi. Iliandikwa kwamba alerte ilitumwa saa moja na dakika kumi, na kwamba mhusika wa Kabonga aliipokea.

"Andika saa aliyoipokea," nikamwambia.

"Fomu haina mahali pa saa."

"Andika pembeni."

"Mama Mwajuma, tafadhali. Imepokelewa. Mashine yenyewe imethibitisha, umeona."

"Imepokelewa na nani? Na mimi! Mwenyewe yuko hospitali amefunikwa shuka!"

Akasema kwa sauti ya chini kwamba nikileta maneno proje ya wafadhili itafungwa na watu wengi watakosa msaada. Sikutia sahihi. Akampa mtu mwingine, naye akatia. Wiki iliyofuata nikahamishiwa kwenye ghala la nyavu. Fonie zilitolewa kabatini zikarudishwa kusini kimyakimya, na hakuna aliyefanya sherehe. Kwa muda mrefu niliviangalia vidole vyangu kwa chuki, maana ni hivi vilivyoifanya karatasi ile iwe na ukweli wa kujificha nyuma yake.

Barabara ilipofunguliwa nilikwenda Kabonga kumpa mumewe pole. Anaitwa Sévérin, fundi wa mitumbwi. Nilimkuta anapiga randa ubao.

"Amahoro, Sévérin."

"Amahoro."

Hakuinua kichwa. Hakunipa kigoda. Nikakaa juu ya ubao. Nilitegemea huzuni, lakini mtu yule alikuwa na hasira, na nikachelewa kuelewa kwamba hasira ile haikuwa juu yangu wala juu ya wauaji.

"Watu ba ofisi balikuja," akasema. "Balinisomea karatasi. Alipata habari saa moja. Aliambiwa asitoke, na akatoka." Akasukuma randa. "Kwa sababu ya ndagala, Mwajuma. Aliacha batoto juu ya magunia ya ndagala."

Watu wazima wote wa nyumba ile walikuwa wamelisadiki hilo. Mama mkwe alikuwa akiwaambia wajukuu kwamba mama yao alikuwa mbishi, na kwamba ubishi unaua. Vitenge vya marehemu vilikuwa vimegawiwa. Mama Aline, ambaye katika maisha yake hakupuuza habari hata moja, ambaye alitembea nyumba kwa nyumba hadi aone watu kwa macho, alikuwa amezikwa kama mpumbavu, kwa sababu ya neno moja katika fomu.

Nikamweleza yote, kuanzia mtu wa baiskeli mpaka mlio wa simu mkononi mwangu. Alinikatiza mara kwa mara.

"Simu haikuwa na rezo?"

"Tangu jana yake jioni."

"Kwa hiyo asubuhi ile hakusoma kitu."

"Hakusoma. Hakuambiwa na mtu yeyote, Sévérin. Ujumbe uliingia saa sita, na mimi ndiye niliyewasha simu."

Aliweka randa chini. Kisha akageuka akaita kwa sauti kuelekea nyumbani. Wakaja mama yake na mabinti zake wawili, Aline wa miaka kama tisa na mdogo wake aliyekuwa bado ananyonya kidole.

"Sema tena," akaniambia. "Sema polepole, na huyu mudogo asikie."

Nikasema tena, polepole. Nilipomaliza, mama mkwe aliketi chini mchangani akajifunika uso kwa upindo wa kanga. Mdogo alitutazama mmoja mmoja bila kuelewa. Aline hakulia. Alimgeukia baba yake, kisha bibi yake, akasimama wima kabisa.

"Niliwaambia mama hakuambiwa," akasema.